Barua kwako mdogo wangu, kuhusu ile picha ya wasuka ukili

Mdogo wangu, salamu nyingi. Picha yako ya rangi za maji uliyonitumia WhatsApp nimeiona, wale kinamama barazani na ukili wao, yaani ule mkanda wa ukindu unaosukwa kisha ukashonwa mkeka, nakujibu hadharani maana najua na wenzio mnaochora mna ugonjwa huohuo. Sura umezipatia, kanga zimetulia, jua la alasiri lipo. Lakini mikono jamani! Imekaa tu kama ya watu wanaosubiri gari. Hakuna anayesuka pale.

Mtafute Winslow Homer, mchoraji Mmarekani, kazaliwa Boston 1836. Mwaka 1881 alienda Uingereza akakaa Cullercoats, kijiji cha wavuvi kwenye Bahari ya Kaskazini, hadi 1882, akawa anawachora sana wanawake wa pale na vikapu vyao na nyavu zao. Iangalie Mending the Nets (yaani kutengeneza nyavu) ya 1882, iko National Gallery of Art kule Washington. Wanawake wawili wamekaa, vichwa wameinamishia kazi yao, hawana habari na wewe unayewatazama. Na chini ya rangi kuna penseli, hakukurupuka.

Utaniambia bibi zetu wanasuka huku wanapiga soga wala hawaangalii mikono. Kweli kabisa, ndo maana kwako wewe kazi ni ngumu zaidi, macho hayakusaidii, vidole ndo viseme vyote. Ukindu, yale majani ya mkindu, ushachanwa, ushachemshwa na rangi, ushaanikwa, sasa pale unaposukwa zile nyuzi hutawanyika juu ya vidole, gumba linabana, na ukili uliokwisha kusukwa unashuka mapajani mrefuu hadi unakunjwa pembeni ukisubiri kushonwa mkeka. Kwenye picha yako ukili umekatika hewani, hauna mwanzo wala mwisho, nyuzi hata moja haijatokeza.

Halafu ile nyeupe ya kopo uliyopaka kwenye ukindu usiotiwa rangi, mimi siipendi, inakuwa nzito. Acha karatasi yenyewe ing'ae, zungushia kivuli tu.

Na usiwaambie wakae pozi, waache wasuke. Ukiwasimamisha uwalipe, ukili unauzwa kwa pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, wewe unawapotezea pima zao. Ukirudi kwa shangazi nenda na penseli tu, rangi ziache nyumbani, unichoree mikono mitupu ukurasa mzima, sura sizitaki.