Usimfute Dorcas

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam nyingi, pamoja na za Bi Zuwena, ambaye bado anadai ile sufuria. Watoto hawajambo? Huku hatuna neno. Nimekaa kimya sana, najua. Lawama zako nitazipokea tukionana.

Nakuandikia mbiombio kwa sababu rasimu yako ya mchezo wa redio wa Clarissa, ile riwaya ya Kiingereza ya Samuel Richardson, imenifika, nami naona umewafuta watumishi wote! Eti wahusika wengi wanachosha sikio. Haya, Richardson alikuwa na maneno, juzuu 7 si mchezo. Mtoe umtakaye, ila Dorcas, anayemtumikia Clarissa kifungoni, mwache.

Ile sehemu uipendayo, Clarissa amejielekezea kifuani kile kisu kidogo cha kuchongea kalamu, Lovelace, yule aliyemtorosha kwao, na wanawake wa nyumba ile anamofungiwa wamegwaya, unadhani imetokana na nini? Karatasi. Tarehe 19 Juni Clarissa alimwandikia Dorcas hati: akimsaidia kutoroka, atalipwa pauni 5 kila robo mwaka maisha yake yote, na pete ya almasi juu yake. Dorcas akaipeleka kwa Lovelace. Wakapanga ionekane imedondoka, Lovelace aiokote, ajifanye kumwakia mtumishi, Clarissa atoke chumbani wamtie mkononi. Ukiifuta hati, ugomvi wa uongo haupo, na kisu hakina sababu.

Tena isome vizuri hati yenyewe. Malipo ya kwanza ni miezi 3 baada ya kuokoka, na Clarissa alikuwa hana kitu mkononi: mali aliyoachiwa na babu yake alikwisha kumwachia baba yake aisimamie. Lovelace yupo pale pale, analipa leo. Na mtumishi wa Uingereza ya karne ya 18 alitegemea nyumba aliyomo kwa chakula, kitanda na ile barua ya sifa ya kumpatia kazi kwingine. Simtetei, jamani. Mwanamke aliyejifanya hajui kusoma huku barua za bibi yake zikinakiliwa kwa siri! Nasema tu kwamba Clarissa alitaka kununua uaminifu wa mtu asiyeajiriwa naye.

Ndiyo maana namtaka na Hannah Burton, walau dakika 2. Huyo ndiye aliyekuwa wake kweli, akimpelekea barua kwa siri mpaka akina Harlowe, jamaa zake Clarissa, walipomfukuza na kumweka Betty Barnes, mtumishi wa dada mtu, mwenye mdomo kama upanga. Tangu hapo Clarissa akawa anazificha barua mwenyewe, kwa kisingizio cha kwenda kuwaangalia kuku wake. Alipokwisha kutoka kwao alimwita Hannah, lakini baridi yabisi ilikuwa imemlaza. Angekuja, Dorcas angepitia wapi? Nawe umeufuta ugonjwa huo kwa mstari mmoja wa kalamu.

Joseph Leman, mtumishi wa kwao Clarissa, mpunguze, sawa. Akina Harlowe wanamdhani mpelelezi wao, kumbe anakula kwa Lovelace na kuota kumwoa Betty na kuendesha nyumba ya wageni ya Blue Boar. Unachohitaji ni kelele zake tu kwenye mlango wa bustani siku ile ya 10 Aprili, Clarissa alipotoroka na Lovelace. Redio inataka kelele.

Halafu Mabel, mtumishi mwingine wa nyumba ile ya kifungo! Huyo hakuandikiwa hati yoyote. Bibi kumpa mtumishi nguo yake lilikuwa jambo la kawaida mno, kwa hiyo Clarissa alipompa gauni ajaribu kulivaa hakuna aliyeshtuka, na Clarissa mwenyewe akavaa nguo za Mabel akatoka nje. Hati ya pauni 20 kwa mwaka ilimponza, gauni likamtoa. Sijui kama wasikilizaji watalishika hilo, ila mimi ningeziweka karibu karibu, au…

Sasa niambie, Dorcas atasomwa na nani? Si yule wa Tanga, maana hucheka kila akidanganya. Kile kisu kitasikikaje? Hati utaisoma nzima au nusu? Mzee Kombo kakubali kuongeza dakika? Na sufuria nimwambie nini Bi Zuwena?

Wako,
Saumu