Barua kwa Zuhura: itazame miguu

Zuhura mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Tanga sisi wazima. Bibi yako anakusalimu sana na anauliza kama chakula cha bwenini kinakushibisha.

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Wenzako wamecheza kikapu tangu shule ya msingi, wewe umetoka netiboli juzi tu, tena ukiwa kidato cha tatu. Wanakucheka kwa kuwa ukidaka mpira unasimama, kisha unageuka kwa mguu mmoja. Ramadhani nayo ndiyo hiyo inaingia, na unataka kujitoa kwenye timu.

Mama, hebu kwanza nikusimulie habari ya mwaka 1995. Nilikuwa na miaka 17. Mjomba alirudi kutoka Muscat na deki na kaseti za mpira wa kikapu wa Marekani, tukazitazama barazani hadi picha zikaanza kufifia. Humo ndimo nilimomwona Hakeem Olajuwon, senta, yaani yule mrefu wa chini ya kikapu, wa timu ya Houston Rockets, mtoto wa Lagos. Utotoni alikuwa golikipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Kikapu alikianza akiwa kijana mkubwa, kama wewe. Mwaka 1980 akaenda chuo Houston, na mwaka 1984 ndiye aliyechukuliwa wa kwanza kati ya wachezaji wapya wote wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Michael Jordan alikuwa wa tatu.

Msimu wa 1994-95 Houston walikuwa mabingwa watetezi, lakini waliyumba. Tarehe 14 Februari wakamtoa Otis Thorpe, wakamleta Clyde Drexler, swahiba wa Hakeem tangu chuoni. Walimaliza na ushindi 47 na vipigo 35, nafasi ya sita upande wa Magharibi. Hakuna timu ya nafasi ya sita iliyokuwa imewahi kutwaa ubingwa.

Februari hiyo karibu yote ilikuwa Ramadhani. Hakeem alifunga hata siku za mechi, na mwisho wa mwezi NBA ikamtangaza mchezaji bora wa mwezi. Ulimuuliza mama yako kama inawezekana kufunga na kucheza. Basi imewahi kuwezekana. Lakini yeye alikuwa mtu mzima mwenye madaktari pembeni, wewe una miaka 16. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini na umwambie matroni. Swaumu italipwa.

Kwenye mchujo walikutana na Utah walioshinda mechi 60, kisha Phoenix walioshinda 59. Phoenix waliongoza kwa mechi 3 kwa 1, ikibaki moja tu wasonge mbele, na bado Houston wakarudi. Mechi ya saba waliimaliza ugenini kwa pointi moja, 115 kwa 114, baada ya Mario Elie kutupia mpira wa pointi tatu kutoka kona.

Halafu wakaja San Antonio wa David Robinson. Hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi. Robinson ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa msimu, na kabla ya mechi ya pili akakabidhiwa kombe lake uwanjani kwao, Hakeem akiwa hapohapo anatazama. Usiku ule Hakeem alifunga pointi 41. Na alizifungaje? Anapokea mpira akiwa ameipa goli mgongo. Anasimama. Mguu mmoja umeganda chini, mwingine unazunguka: bega linakwenda kushoto, Robinson anaruka, Hakeem anarudi kulia, anapachika. Mara nyingine anazuga mara mbili, tatu, na mguu ule bado haujang'oka. Mwanangu, hiyo si ndiyo netiboli yako? Kusimama unapodaka, kugeuka bila kuuburuza mguu, kujua mwenzako yuko wapi kabla hujaamua. Wenzako watahangaika miaka kuupata mguu huo. Wewe umekuja nao.

Fainali ilikuwa na Orlando. Mechi ya kwanza Houston waliachwa kwa pointi 20. Mwishoni Orlando wakiongoza kwa 3, Nick Anderson akakosa mitupo huru minne mfululizo. Mpaka leo ninamhurumia. Kenny Smith akasawazisha, na katika dakika za nyongeza Hakeem akausukumia mpira ndani ikiwa haijabaki hata nusu sekunde, 120 kwa 118. Wakashinda mechi zote nne, na ubingwa ukabaki Houston.

Nimempa kondakta wa basi la Ijumaa mfuko wako: tende, viatu vipya vya kuchezea, na kanga mama yako aliyokuahidi. Kaseti zimeshaoza, ila binamu yako ameipata ile mechi ya pili ya San Antonio na atakutumia siku mtakayoruhusiwa simu. Itazame mara ya kwanza bila kuangalia mpira. Angalia miguu ya Hakeem tu. Kisha niandikie uniambie umeona nini, na kama bado unataka kujitoa, niandikie hilo pia; nitakusikiliza.

Baba yako