Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mizizi, Kiangazi na Soya Iliyotuangusha

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ghala mnalijua: bati limezibwa, deni la mbao bado. Muda wangu nitautumia kwa jambo lililotugawa mwaka huu: kwa nini mvua ilipokata katikati ya msimu mahindi ya baadhi yetu yalisimama, na ya jirani yake, mpaka kwa mpaka, yakajikunja majani.

Nianze na kosa langu. Tulikubaliana kujaribu soya, nami nikatumwa mjini kununua pakiti za bakteria wa kuchanganya na mbegu. Muuzaji alizitoa dirishani, jua likizipiga. Sikuuliza kitu. Nikazipakia kwenye bodaboda mchana kweupe, nikazilaza ghalani siku nne. Hao ni viumbe hai, na joto la bati lile mnalijua. Tulipochimba soya ikianza maua, mizizi ilikuwa mitupu kama uzi wa kushonea. Hakuna hata kifundo kimoja, kile kinundu cha mzizini wanamokaa bakteria hao. Pesa ilikuwa ya chama, lawama ni yangu.

Siku hiyohiyo mama mmoja wa kundi la bondeni alituchimbulia choroko zake. Hakuzing'oa, maana ukivuta, vifundo vinabaki ardhini. Alipiga jembe kando, akanyanyua bonge zima, akalisuuza kwenye ndoo. Vifundo vimeng'ang'ania mzizi kama punje za mtama. Akapasua kimoja kwa ukucha: ndani pamewiva wekundu, kama nyama mbichi. Ukiuona wekundu huo ujue bakteria wako kazini, wanakamata naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, wanaigeuza chakula cha mmea, na mmea unawalipa sukari. Mama huyu hakununua pakiti yoyote. Choroko, kunde na karanga kwa kawaida huelewana na bakteria waliomo tayari kwenye udongo wetu. Soya ni mgeni, na mara nyingi humtaka wa kwake.

Lakini mahindi yale yaliyosimama yalikuwa na msaidizi mwingine, ambaye hata ukichimba humwoni. Bwana shamba alipotaja kuvu, nilisikia watu wanaguna: fangasi tena? Hawa ni wa namna nyingine, wanaitwa mikoriza. Wanaingia ndani ya mzizi bila kuudhuru, kisha wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi wenyewe. Fosforasi, chakula kingine cha mmea, haitembei sana kwenye udongo. Mzizi ukishamaliza iliyo karibu, unakaa na njaa huku nyingine iko sentimita chache tu. Nyuzi hizo ndizo zinazoifuata, na maji kidogo pia. Tena zinashikanisha chembe za mchanga, na luseni yetu, udongo wa kichanga unaopitisha maji kama chekeche, inahitaji mshiko huo kuliko mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi.

Kuna na hili, lililonishangaza mimi binafsi. Mmea ukipata kiu hutoa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Ikizidi, mzizi unadumaa. Wapo bakteria wa mizizini wanaokula malighafi ya gesi hiyo, mzizi ukaendelea kushuka kutafuta unyevu. Sisemi wanaleta mvua. Shamba likikosa tone miezi miwili, litakufa pamoja na bakteria wake.

Sasa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Mahindi yenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali mizizini kuwaita kuvu. Kiduha nacho kinausikia wito huo. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, inaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 ikiusubiri, na ndiyo maana shamba lililochoka linajaa maua yake ya zambarau. Ng'ambo ya ziwa, Mbita upande wa Kenya, watafiti walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hukiamsha kiduha, kisha kinakosa pa kujishika na kufa. Mbegu tumeomba. Hazijafika.

Waliosalimika nimewatembelea wote. Hawakuchoma mabua, walichanganya choroko na mahindi, na samadi yao ilitoka zizini ikiwa imeoza vizuri. Kuvu wa mizizi hula kwa mmea ulio hai, hivyo shamba likikaa tupu muda mrefu wanapungua, na kila tunapolima tunakata nyuzi zao. Ndugu zetu wa bustani za ufukweni mjue pia kwamba kabichi haipokei mikoriza kabisa. Ukiirudia msimu hadi msimu, mahindi yatakayofuata yatakuta nyumba haina wenyeji.

Kwa hiyo ajenda ya 4 ni mabua. Kamati inapendekeza ng'ombe waingie baada ya mavuno, ila moto usiwashwe, na visiki vya mahindi vibaki ardhini. Najua mtauliza ng'ombe wa nani wanalindwa. Wengine ni wangu.

Soya tutaijaribu tena kwenye kipande kidogo. Pakiti zitasafirishwa alfajiri, zitatunzwa nyumbani kwa katibu kando ya mtungi, mbegu zitachanganywa kivulini na kupandwa siku hiyohiyo. Ndoo yenye choroko iko nje chini ya mwembe. Piteni mpasue vifundo kabla ya chai, ila mwacheni mwenyewe avihesabu, maana anataka kurudi navyo.