Barua ya malalamiko: vijiti vya kuchimba bitcoin mlivyoniuzia haviingizi hata shilingi moja kwa siku

Wete, Pemba
9 Februari 2025

Kwa Meneja,
Kampuni ya Vifaa vya Kompyuta,
Unguja Mjini.

Assalaam alaykum,

YAH: KUREJESHEWA SHILINGI 420,000 NA KUONDOLEWA KWA TANGAZO LA UONGO

Naandika kudai fedha zangu. Mwezi wa Disemba mliniuzia vijiti vitano vya USB vya kuchimba bitcoin (yaani kushindana kwa hesabu za kompyuta ili kulipwa sarafu hiyo ya mtandaoni), habu ya matundu kumi ya kuvichomekea, adapta yake na flashi yenye programu, vyote kwa shilingi 420,000. Tangazo lenu la WhatsApp, ambalo ninalo mpaka leo, linasema seti hiyo inaingiza shilingi 15,000 kila siku, mteja anachomeka tu na kuanza kupokea, na inachimba "Bitcoin, Ethereum na sarafu zote". Hakuna hata moja katika hayo lililo kweli.

Fedha hizo si za kuchezea. Mama yangu alizipata kwa karafuu alizouza ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, akanipa ili duka letu la kuchapa na kutoa kopi hapa Wete lipate kipato cha usiku, wakati kompyuta zimekaa bure. Kabla ya kulipa nilimpigia simu kijana wenu wa mauzo na kuweka spika ili mama naye asikie. Kijana akamwambia, "Bi mkubwa, wewe chomeka tu, pesa itakuja yenyewe." Mama aliyashika maneno hayo, na mpaka leo ananiuliza pesa imefikia wapi.

Boksi lilifika kwa boti ya Mkoani, halina hata ukurasa mmoja wa maelekezo. Nilipochomeka kijiti cha kwanza, Windows ilikiorodhesha kama kifaa kisichojulikana, na alama ya njano pembeni. Flashi yenu haina draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kukitambua kifaa. Kwa bahati kompyuta ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nilisoma maandishi ya kwenye kijiti: ni Block Erupter, kifaa cha mwaka 2013, na ndani yake mna chipu ya CP2102 ya Silicon Labs inayoifanya kompyuta ikione kama mlango wa COM, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa. Nikapakua draiva ya chipu hiyo kwa mtengenezaji wake mwenyewe, alama ya njano ikaondoka.

Hapo nikapiga simu kwenu, kwa sababu programu mliyoweka kwenye flashi, cgminer, bado ilisema haioni kifaa chochote. Kijana wenu akaniambia kompyuta yangu mbovu. Si kweli. Cgminer haitumii mlango wa COM. Inataka kijiti kiwekewe draiva nyengine, ya WinUSB, na kazi hiyo hufanywa kwa programu ndogo inayoitwa Zadig. Programu nyengine ya kuchimba, bfgminer, ndiyo inayokwenda na draiva ya CP2102 kama ilivyo. Anayeuza vijiti hivi anapaswa kulijua hili kabla ya jambo lolote, maana hapa ndipo mteja anapokwama, na draiva hizi mbili haziwezi kukaa pamoja kwenye kijiti kimoja. Niliweka bfgminer, nikaielekeza itafute vijiti kwa amri ya -S erupter:all, na ikavipata palepale kwenye kompyuta ileile mliyoiita mbovu.

Kisha likaja suala la taa. Mfanyakazi wenu mwengine, huyu wa kike, alinihakikishia kwamba taa ya kijani ikiwaka moja kwa moja ndiyo dalili ya kuchimba. Ni kinyume chake. Kijiti hiki taa yake ikibaki imewaka, kinasubiri kazi. Kikishaanza kazi taa huzimika, na huwa inamweka kila kinapopata jibu. Fikirieni mteja asiyejua, ameacha kompyuta ikiwaka usiku kucha huku akifurahia taa tano za kijani, kumbe hakuna kinachofanyika. Najua yuko mmoja hapa Wete aliyefanya hivyo kwa maelekezo yenu, na si mtu wa kompyuta kama mimi, ni mvuvi.

Sasa habu. Naomba jambo hili alisome fundi wenu, si mtu wa mauzo. Kijiti kimoja kinakula wati 2.5, yaani miliampea 500 kwenye volti 5. Vitano vinahitaji ampea 2.5. Adapta mliyonipa imeandikwa mgongoni, kwa maandishi madogo lakini yanasomeka, volti 5 ampea 2. Vijiti vinne vinaimaliza yote. Nilichomeka kimoja kimoja huku nikitazama skrini: cha kwanza mpaka cha tatu vilitulia kwenye megahashi 333 kila kimoja (majaribio ya hesabu milioni 333 kwa sekunde), cha nne kilipoingia, hesabu ya makosa ya kifaa, ile inayoandikwa HW, ikaanza kupanda, cha tano kilipoingia, vyote vikapotea kwenye orodha kwa pamoja na adapta ikawa haishikiki kwa moto. Hilo si tatizo la mteja. Mliuza habu ya matundu kumi pamoja na adapta isiyobeba hata nusu ya matundu hayo, na mkaviita seti kamili. Nyumba ambayo adapta kama hiyo inaachwa usiku kucha chini ya pazia inaweza kuungua.

Nilinunua adapta ya ampea 4 kwa fedha zangu, nikaweka feni ndogo mbele ya vijiti kwa sababu joto la hapa mnalijua, na tangu hapo vyote vitano vinafanya kazi bila kukatika. Kwa hiyo msiniambie tena kwamba sijui kuvitumia. Vinafanya kila kilichowezekana kwa vijiti hivi tangu vilipotengenezwa, na aliyevitengeneza sina la kumlaumu. Malalamiko yangu ni juu ya mliyoyaahidi nyinyi.

Hesabu ni hii. Kijiti kimoja kinafanya majaribio milioni 333 kwa sekunde, vitano vinafanya kama milioni 1,665. Mtandao mzima wa bitcoin leo unafanya majaribio kwa sekunde yanayohesabiwa kwa mamia ya eksahashi. Nimechukua eksahashi 600 tu, makadirio ya upole kwenu, nayo ni 600 ikifuatiwa na sifuri 18. Tangu Aprili 2024 malipo ya kila bloku, yaani kila fungu la miamala linalofungwa na mchimbaji aliyepata jibu, ni bitcoin 3.125, na bloku hupatikana kama 144 kwa siku, ambazo ni bitcoin 450 kwa dunia nzima. Mkigawa kwa haki, fungu la vijiti vyangu vitano ni kama sehemu moja ya nane ya satoshi kwa siku. Satoshi milioni mia moja ndizo zinazofanya bitcoin moja. Hata nikiweka bitcoin moja kwa shilingi milioni 250, mapato yangu ya siku ni kama senti 31 za shilingi ya Tanzania. Shilingi moja inanichukua zaidi ya siku tatu. Hizo shilingi 15,000 mlizosema ni za siku moja, nitazipata baada ya zaidi ya miaka 130.

Ni sawa na mtu aliyeokota chembe moja ya karafuu kudai fungu lake katika mavuno ya Pemba nzima.

Msiniambie pia kwamba bei imebadilika au soko limeshuka. Katikati ya mwaka 2013, vijiti hivi vilipotoka, vilikuwa na maana, kwa sababu mtandao wote ulikuwa mdogo. Tangu wakati huo umekua zaidi ya mara milioni moja. Mashine moja ya siku hizi, Antminer S21, inafanya terahashi 200, yaani majaribio trilioni 200, kwa sekunde. Ili nifikie mashine hiyo moja ningehitaji vijiti kama laki sita. Hizi ni habari zilizo wazi kwa yeyote aliye katika biashara hii, na nyinyi mlizijua au mlipaswa kuzijua kabla hamjapokea hata shilingi ya mtu. Kijana wenu aliponishauri "ongeza kumi, hapo ndipo faida inapoanza", alikuwa ananiongezea hasara. Vijiti mia moja vingeingiza kama shilingi 6 kwa siku, na vingekula wati 250 mfululizo. 

Upande wa umeme ni mfupi. Vijiti vyenyewe havili sana, lakini kompyuta ya mezani inayoviendesha inakula kama wati 100, kwa hiyo vyote pamoja kwa saa 24 ni uniti 2.7 hivi za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Hakuna uniti ya Tukuza inayouzwa kwa shilingi moja. Kila usiku nilioviwasha nimelipa ili vifanye kazi.

Kuhusu "sarafu zote": vijiti hivi vinajua kazi moja tu, hesabu ya aina ya SHA-256, ndiyo ya bitcoin. Litecoin, sarafu nyengine, inatumia hesabu ya Scrypt, havigusi. Ethereum iliacha kabisa kuchimbwa tarehe 15 Septemba 2022, kwa hiyo mliandika katika tangazo la 2024 kwamba kifaa chenu kinachimba kitu ambacho hakichimbiki tena na mashine yoyote duniani. Wala hamkumwambia mnunuzi kwamba Benki Kuu ya Tanzania ilishatangaza Novemba 2019 kuwa sarafu za namna hii si fedha halali nchini. Mtu ana haki ya kujua hilo kabla ya kutoa fedha za karafuu.

Nimeacha mwisho jambo lililoniudhi kuliko yote. Kwenye flashi yenu mna faili la kuanzishia programu, na maelezo ya sauti mliyonitumia yanasema nilibofye mara mbili tu na nizime kabisa antivirusi. Nililifungua kwa Notepad kabla ya kulitumia. Ndani mna mstari mmoja: baada ya -o kuna anwani ya puli, yaani kundi la wachimbaji wanaogawana malipo, na baada ya -u, mahali pa kuandika pochi ya mchimbaji, inayopokea malipo yake, kuna anwani ndefu inayoanza na bc1. Anwani hiyo si yangu. Hakuna aliyeniuliza yangu, wala maelezo yenu hayasemi popote kwamba mteja aibadilishe. Yule mvuvi niliyemtaja alikubali nilitazame faili lake: anwani ni ileile, herufi kwa herufi. Maana yake ni kwamba kila kijiti mlichouza hapa, kikiwashwa kwa maelekezo yenu, kinakula umeme wa mteja na kumchimbia mtu mwengine. Kwamba kinachopatikana ni senti hakubadilishi kitu. Ile ni pochi ya nani? Nataka jibu la maandishi.

Na hili la kuzima antivirusi pia ni baya. Ni kweli programu za kuchimba hupigiwa kelele na antivirusi hata zikiwa salama, kwa sababu wezi huzificha kwenye kompyuta za watu. Dawa yake ni kupakua programu kwa watengenezaji wenyewe na kuiruhusu folda hiyo moja tu. Kumwambia mtu wa kawaida azime ulinzi wote kwenye kompyuta yenye kazi za skuli za watoto na nyaraka za wateja ni kumwachia mlango wazi.

Nilipoomba kurejesha vifaa mlinijibu kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Risiti yenu haina maneno hayo. Tena sababu ya kuirudisha bidhaa si kwamba imefunguliwa au kwamba nimebadilisha mawazo. Inarudi kwa kuwa haina uwezo mliouuza.

Ninataka haya. Nirejesheeni shilingi 420,000 zote, pamoja na nauli ya mzigo na bei ya adapta niliyolazimika kununua, risiti nimeziambatisha. Ondoeni tangazo hilo, na kila aliyenunua seti apelekewe ujumbe wa kumweleza kwamba haiwezi kuingiza fedha mlizotaja, kwamba adapta isitumiwe na vijiti vitano, na namna ya kuiondoa anwani ile kwenye faili. Ujumbe huo uwe kwa sauti pia, kwa sababu si wote wanaosoma maandishi ya kompyuta. Nikikaa siku 14 tangu mpokee barua hii bila jibu, nitaipeleka kama ilivyo, pamoja na tangazo lenu, nakala ya faili na sauti za wafanyakazi wenu, kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Vijiti vyote vitano, habu, adapta na flashi nimevirudisha kwenye boksi lake na nimelifunga. Fedha zikishaingia kwenye namba ya simu iliyoko kwenye risiti, mtumeni mtu wenu wa Pemba aje kulichukua dukani, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Wasalaam,

Mteja wenu,
duka la kuchapa na kutoa kopi, Wete.

Viambatisho: nakala ya risiti tatu, picha ya tangazo, picha ya maandishi ya mgongoni mwa adapta, nakala ya faili la kuanzishia.