Kwako swahiba, kuhusu sarafu moja

Swahiba yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote walio nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposimulia jinsi wabadilisha fedha walivyokumega ulipovuka mpaka, wakakumega tena uliporudi, niliguna, maana nami yamenikuta hayo hayo. Ukizizungusha fedha zile zile mpakani mara za kutosha zinakwisha, na hujanunua hata kiberiti. Na mfanyabiashara anayeuza mali ng'ambo kwa mkopo wa miezi 3 ana shida kuliko sisi: hajui fedha atakazolipwa zitakuwa na thamani gani siku hiyo. Kwa hiyo usinihesabu miongoni mwa wanaopinga sarafu ya pamoja. Ninaitaka. Ila uliniuliza mwishoni kinachozizuia nchi jirani kuanza hata mwaka ujao, na hapo ndipo hatukubaliani.

Wewe umeitaja Ulaya kuwa mfano, basi tuitazame. Ugiriki iliingia kwenye yuro mwaka 2001. Masharti yalikuwa yamewekwa tangu Mkataba wa Maastricht wa 1992: nakisi ya bajeti, yaani kiasi ambacho matumizi ya serikali yanazidi mapato yake, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, wala deni lisizidi asilimia 60. Wakopeshaji wakawa wanaikopesha Ugiriki kwa riba inayokaribiana na ya Ujerumani, kana kwamba nchi hizo mbili zina mfuko mmoja. Hazikuwa nao. Mwishoni mwa 2009 serikali mpya ikatangaza kwamba nakisi ni kubwa mno kuliko hesabu zilizotolewa kabla. Ilipohakikiwa ikakutwa ni karibu asilimia 15. Riba zikapaa na mikopo ikakauka.

Nchi yenye sarafu yake hapo huiacha ishuke thamani. Inauma, kwa sababu bidhaa za nje hupanda bei na akiba ya mtu hupungua nguvu, lakini mali za nchi hiyo huwa rahisi kwa wanunuzi wa nje na watalii humiminika. Benki za Iceland zilipoanguka mwaka 2008, krona ilipoteza karibu nusu ya thamani yake. Baadaye samaki na utalii vikasaidia kuinyanyua nchi. Ugiriki haikuwa tena na drakma, sarafu yake ya zamani, ya kushusha. Kilichobaki kushushwa ni mishahara na pensheni za watu. Uchumi ukasinyaa kwa karibu robo, na mwaka 2013 zaidi ya asilimia 27 ya nguvu kazi haikuwa na ajira. Majira ya kiangazi ya 2015 benki zilifungwa, mtu akaruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku kwenye mashine. Nilipoziona picha za wazee wamejipanga nje ya benki wakisubiri pensheni, nilisikitika sana, na mpaka leo sijazisahau.

Najua utasema Wagiriki walijitakia. Basi niambie kuhusu Hispania na Ireland. Mwaka 2007 zote mbili bajeti zake zilikuwa na ziada, na bado zikatumbukia, kwa kuwa mikopo ya bei nafuu ilikuwa imepandisha bei za nyumba kupita kiasi, na riba ilipangwa na benki kuu moja kwa ajili ya nchi zote. Ndiyo maana siridhiki ninaposikia kwamba nchi zikitimiza viwango vya nakisi na deni, kazi imekwisha.

Ndani ya nchi moja, mkoa ukipigwa na ukame, hazina hupeleka fedha kutoka mikoa iliyovuna, na vijana huhamia palipo na kazi bila kuombwa kibali. Kati ya nchi na nchi, hazina hiyo haipo mpaka watu wakubali kuichangia. Mchumi Robert Mundell aliandika tangu 1961 kwamba eneo la sarafu moja linahitaji watu wanaoweza kuhama kufuata kazi.

Kuna na hatari ya upande wa pili. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika Desemba 1991, nchi nyingi zilizotoka humo ziliendelea kutumia rubli. Noti zilichapwa Urusi, lakini kila benki kuu iliweza kutoa mikopo kwa rubli. Faida ya mkopo ilibaki kwa aliyeutoa, mfumuko wa bei wakagawana wote. Kufika mwisho wa 1993 karibu zote zilikuwa zimeshatoka. Na Wacheki na Waslovakia, waliogawana nchi kwa amani Januari 1993, walikuwa wamekubaliana waendelee na koruna moja. Haikumaliza hata siku 40, maana watu walikuwa wanahamisha fedha kwenda upande wa Wacheki wakihofia upande mwingine utashusha thamani.

Ulilalamika pia kwamba Afrika Mashariki ilisaini itifaki ya sarafu moja Novemba 2013, ikalenga mwaka 2024, na mwaka ukapita. Mimi sikuhuzunika. Shilingi ya pamoja ya zamani, iliyodumu mpaka 1966, ilisimamiwa na bodi iliyokaa London kwa miaka mingi. Nchi zenyewe hazikuwa zimekaa kitako zikakubaliana nani atambeba nani.

Kuhusu wale wanaokumega mpakani, dawa yao haihitaji kuunganisha sarafu. Mfumo wa malipo kati ya nchi za Afrika, PAPSS, uliozinduliwa Accra Januari 2022 umeundwa ili mnunuzi alipe kwa sarafu yake na muuzaji apokee kwa yake, bila kupitia dola. Mifumo ya namna hiyo ingepewa nguvu kwanza, na pembeni nchi zianzishe mfuko wa kusaidiana, hata mdogo, tuone kama michango inafika.

Sasa nami nina swali. Jirani akianguka kwa kosa lake mwenyewe, uko tayari kodi yako ipelekwe kwake, mwaka huu na mwaka ujao? Nijibu kwa moyo mweupe, usiniandikie kinachopendeza. Nawasalimu wote.

Wako daima,
Swahiba wako