Pima shingo ya ganda kabla ya kununua dai ya kukalishia

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wasomaji wenye kibali cha kujaza risasi zao wenyewe kwa ajili ya shabaha za mbali, hasa wale wanaojiandaa kununua dai mpya ya kukalishia kichwa cha risasi. Imani iliyoenea ni kwamba dai yenye maikromita juu ndiyo inayonyoosha risasi, yaani kukiweka kichwa na ganda katika mstari mmoja. Sivyo. Maikromita kazi yake ni kuhesabu kina tu. Kinachonyoosha risasi au kuipinda kiko chini ya maikromita hiyo: namna dai inavyolishika ganda (kikopo cha shaba kinachobeba baruti), na mahali kisukumio kinapokigusa kichwa.

Dai hii ni bomba la chuma linalofungwa kwenye presi. Ganda lenye fataki (kiwashio cha kitakoni) na baruti hupandishwa ndani yake, kichwa kikiwa kimesimamishwa mdomoni, na kisukumio kilichomo ndani hukididimiza kichwa shingoni, yaani sehemu nyembamba ya mbele ya ganda, hadi kina kilichopangwa. Kwa sekunde hiyo moja, kila kosa lililofanyika nyuma hujitokeza, na mara nyingi dai ndiyo inayobeba lawama isiyo yake.

Ndiyo maana tunasema upimaji utangulie ununuzi. Chukua maganda 10 yaliyokwisha kurudishwa umbo (kubanwa upya baada ya kufyatuliwa), yazungushe moja moja kwenye kipimo cha kuyumba, sindano ikigusa shingo karibu na mdomo, uandike kila namba. Kisha kalisha vichwa kwenye maganda hayohayo bila fataki wala baruti, uzungushe tena, safari hii sindano ikigusa kichwa mbele kidogo ya mdomo wa ganda. Sasa linganisha. Ikiwa shingo zilikuwa zinayumba milimita 0.02 na vichwa vinayumba 0.10, dai yako ya kukalishia ina kesi ya kujibu. Ikiwa shingo zenyewe zilikwisha kuyumba 0.08, usinunue kitu. Kichwa hufuata shingo, na hakuna dai ya kukalishia, hata ya bei gani, inayoweza kunyoosha shingo iliyopinda. Risasi inayoyumba chini ya milimita 0.08, ambazo ni kama elfu tatu za inchi, inatosha kwa shabaha nyingi. Ikishuka chini ya 0.05 ni nzuri sana.

Shingo mara nyingi hupindishwa na ile goroli ya kupanulia iliyo kwenye dai ya kurudishia umbo, inapovutwa kurudi nje kupitia shingo kavu. Ukisikia presi inalia na mpini umekuwa mzito wakati wa kushusha, shingo inavutwa. Paka kilainishi kidogo ndani ya shingo, au ondoa goroli kabisa na upanue kwa mandreli, ufito wa chuma wa kipenyo maalumu, katika hatua ya pili. Lenga tundu la shingo liwe jembamba kuliko kichwa kwa milimita 0.05 hivi. Likibana zaidi ya hapo kwa mbali, kisukumio kitalazimika kusukuma kwa nguvu na kukiacha kichwa na kovu.

Kama vipimo vimeonyesha kweli kwamba dai ndiyo yenye kosa, basi tuingie dukani tukijua tunachotafuta.

Dai ya kawaida, yenye kipenyo cha inchi 7/8 na nyuzi 14 kila inchi, ina nafasi kubwa ndani. Ganda huingia likiwa legelege na kichwa hakishikwi na chochote mpaka kikutane na kisukumio. Vichwa vifupi vyenye kitako bapa vinavumilia hali hiyo ikiwa mdomo wa ganda umepanuliwa vizuri. Vichwa virefu vyembamba haviivumilii. Huanza kuingia vikiwa vimeinama na humaliza vikiwa vimeinama. Kampuni ya Hornady imeweka bushi inayoteleza, yaani bomba dogo la ndani, ambayo hukiongoza kichwa mpaka mdomoni mwa ganda. Kampuni za Forster, na Redding katika zile wanazoziita Competition, zimekwenda mbali zaidi: bushi yao hulishika ganda lote pamoja na kichwa, vyote katika tundu moja lililochongwa kwa mstari mmoja, na kisukumio hakianzi kusukuma mpaka ganda limekwisha kukaa ndani. Kwa mtu anayetumia presi ya kawaida na vichwa virefu, hii ndiyo tofauti inayostahili fedha zake. Maikromita ni nyongeza juu ya hapo.

Halafu kuna dai za mkono za L.E. Wilson, zisizo na nyuzi wala kishikio cha ganda. Ganda huingizwa ndani ya dai kwa vidole, dai ikasimamishwa juu ya kitako chake, na presi ndogo ya mezani ikasukuma kutoka juu wima. Uzuri wake mkubwa uko mkononi: unahisi kila kichwa kinavyoingia. Kimoja kikiingia kama kisu kwenye siagi na kinachofuata kikagoma, umejua papo hapo kwamba shingo hizo mbili hazifanani, na unazitenga. Dosari yake ni kwamba lazima ganda lilingane na tundu la dai. Kama chemba ya bunduki yako (tundu linamokaa ganda) ni pana na unarudisha shingo tu bila mwili wa ganda, ganda linaweza kukataa kuingia.

Sasa kisukumio, ambacho wanunuzi wengi hawakiulizii kabisa. Kisukumio sahihi hukigusa kichwa kwenye tao lake, yaani sehemu iliyopinda kuelekea mbele, chini ya ncha. Jaribio lake ni rahisi. Paka nusu ya mbele ya kichwa wino mweusi wa kalamu nene, uuache ukauke, kisha ukalishe kichwa kwenye ganda tupu na ukitazame kwenye mwanga. Ukiona duara jembamba lililokamilika, milimita kadhaa chini ya ncha, wino ukiwa umekwaruzwa sawasawa pande zote, kisukumio kinafaa. Duara likiwa nusu, kichwa kiliinama au tundu la kisukumio halikuchongwa katikati. Wino ukiwa umetoka nchani tu, tundu la kisukumio halina kina cha kutosha na kinasukuma ncha.

Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, na ndilo linalotokea kwa vichwa virefu vyenye tao refu. Ncha za vichwa vya shabaha vyenye tundu hazilingani urefu hata ndani ya boksi moja. Kisukumio kikikaa juu ya ncha, kila kichwa kitazama kwa kadiri ya ncha yake, na umbali kati ya tao na matuta ya mtutu (mistari iliyoinuka ndani yake inayozungusha risasi) utakuwa tofauti katika kila risasi. Kwenye kalipa ya kawaida, ile ya kupima urefu, risasi zitaonekana zote zina urefu mmoja kabisa, mtu akajipongeza. Pima kutoka kitako hadi kwenye tao kwa kilinganishi, kifaa cha kufunga kwenye kalipa kinachokigusa kichwa kwenye tao, ndipo utaona zimetawanyika. Dawa ni kununua kisukumio kilichochongwa kwa vichwa virefu, ambacho watengenezaji kadhaa hukiuza peke yake. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Ikiwa kisukumio kinagusa mahali sahihi ila kinaacha kovu lenye ukali, kisugue: funga kichwa kimoja kwenye drili, kipake dawa laini ya kung'arishia chuma, ukizungushe taratibu ndani ya kisukumio kwa sekunde chache, kisha usafishe mpaka kusibaki chembe.

Kuhusu maikromita yenyewe, mstari mmoja kwa kawaida ni elfu moja ya inchi, yaani milimita 0.025. Namba unayoiandika ni ya kichwa hicho tu. Ukibadili aina ya kichwa, tao limebadilika na namba haina maana tena. Anza juu, risasi ikiwa ndefu kwa nusu milimita kuliko unavyotaka, upime, kisha ushuke. Shuka siku zote kutoka juu. Ukipitiliza, rudi juu nusu mzunguko ndipo ushuke upya, kwa sababu nyuzi zina mchezo. Kwenye dai isiyo na maikromita, pima baada ya kukaza nati, maana kuikaza hukisogeza kisukumio.

Dai za kawaida nyingi zina ukingo ndani wa kubana mdomo wa ganda. Dai ikifungwa chini kupita kiasi, ukingo huo huuma mdomo wakati kichwa bado kinatembea, na bega la ganda huvimba kiasi ambacho bunduki haifungi. Kuzuia hilo, pandisha ganda tupu lililorudishwa umbo hadi juu, shusha dai kwa mkono mpaka uhisi imegusa mdomo, kisha irudishe mzunguko mmoja kamili kabla ya kufunga nati. Risasi za shabaha za bunduki ya bolti hazihitaji kubanwa mdomo.

Onyo kwa wanaojaza baruti hadi inashindiliwa na kichwa: dai za bushi inayoteleza hazikuundwa kwa kazi hiyo. Kisukumio chake ni chembamba, na kinaweza kupasuka au kutanuka. Hata kikipona, baruti iliyoshindiliwa hukirudisha kichwa juu taratibu, nawe utalaumu maikromita.

Kuna wanaosukuma kichwa nusu, wakalizungusha ganda nusu duara, kisha wakamalizia. Jambo hilo halina madhara, lakini kwa maoni yetu likikusaidia ni dalili kwamba kuna kitu kimekaa upande, na hicho ndicho cha kutafuta. Bora zaidi ni kusafisha dai. Nta na vumbi la shaba hujikusanya ndani ya kisukumio, na katika risasi 200 kina kinaweza kuhama bila mtu kugusa kitu. Maganda yaliyooshwa yakang'aa hadi ndani nayo hung'ang'ania kichwa. Vumbi la grafati kidogo shingoni huyalegeza.

Kwa kina, anza na umbali wa nusu milimita kutoka kwenye matuta, usogee kwa hatua za milimita 0.08 ukitazama kundi la matundu kwenye shabaha. Risasi inayogusa matuta huongeza mgandamizo, kwa hiyo punguza baruti na upande upya kidogo kidogo. Tena, kichwa kilichokwama kwenye matuta kinaweza kubaki mtutuni unapotoa risasi bila kufyatua, baruti ikamwagika ndani ya bunduki. Kumbuka pia magazini: kwa risasi ya aina ya .308 Winchester urefu wa juu wa kiwango cha Ulaya ni milimita 71.12, na magazini nyingi haziruhusu mengi zaidi ya hapo.

Kabla ya kichwa kuwekwa mdomoni, mulika tochi ndani ya kila ganda na ulinganishe usawa wa baruti. Kichwa kikishakaa, kosa limefunikwa. Na risasi iliyozama kupita kiasi, ukiivuta kichwa na kukikalisha upya, shingo yake imekwisha kulegea. Iweke kando kwa ajili ya kupasha mtutu, usiichanganye na za kupigia alama.

Wajazaji na walengaji shabaha