Bahasha za Desemba

Habari za jioni ndugu zangu wa New York. Wageni wengi wamenifuata pembeni kuuliza kuhusu bakshishi za mwisho wa mwaka, kwa hiyo naandika hapa tusome wote.

Sheria haikulazimishi, ila ni desturi iliyokomaa. Bawabu na fundi wa jengo huwa wanatarajia bahasha yenye noti na kadi ndogo ya shukrani. Yaya, au dada anayekuja kufanya usafi kila mara, wengi humpa malipo ya wiki moja juu ya ujira wake. Ukikosa hela, andika kadi kwa mkono wako, au mpikie maandazi. Usikope kwa ajili ya hili, tafadhali.

Mleta barua wa posta ndiye wa kuangalia sana. Ni mfanyakazi wa serikali, na haruhusiwi kupokea pesa taslimu hata dola moja. Zawadi isizidi dola 20 kwa mara moja, na kwa mwaka mzima isipite dola 50 kutoka kwako. Glavu au kahawa zinatosha. Wazoa taka wa jiji nao hawaruhusiwi kupokea bakshishi, basi msiwaweke majaribuni.

Wanaokaa jengo moja wanaweza kuchanga pamoja. Mtunza hazina wetu atapokea michango mpaka tarehe 15. Kiasi ulichotoa kibaki siri yako. Sitaki kuona orodha ya majina na viwango humu kundini.